Bodo yetu na Bodø ya Norwe: ni saa moja au saa mbili?

Miaka michache iliyopita, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Oktoba, tulimzika bibi mmoja hapa Bodo. Alifariki kabla ya alfajiri, na kama ilivyo ada yetu hakukuwa na sababu ya kumchelewesha. Mjomba mtu akatuma sauti kwa simu kwa wote walio mbali: "Tunazika leo saa kumi, baada ya alasiri." Mmoja wa waliopokea sauti ile alikuwa mjukuu wake, aliyelelewa na bibi huyo tangu akiwa hajaota meno. Kijana alikuwa amekwenda kusoma mambo ya ufugaji wa samaki kaskazini mwa Norwe tangu mwezi wa Agosti. Mji aliokwenda, kwa ajabu ya Mungu, unaitwa Bodø.

Kijana alitaka jambo moja tu. Apigiwe simu ya video, asimame na wenziwe japo kwa kioo, aitikie dua. Akajihesabia: huku Norwe tuko nyuma ya nyumbani kwa saa moja. Wao saa kumi, mimi saa tisa. Akaoga, akavaa kanzu, na ilipogonga saa tisa akapiga. Simu ilipopokewa, alichokiona ni watu wanakung'uta mchanga miguuni wakirudi. Huku ilikuwa saa kumi na moja. Kaburi lilikwisha funikwa, talakini imekwisha, na mjomba alikuwa na hasira kwa kudhani kijana amelala.

Hakulala. Hesabu yake ilikuwa sahihi hadi siku moja kabla. Usiku ule ule wa kuamkia Jumapili, Norwe na nchi karibu zote za Ulaya zilirudisha saa zao nyuma, na ile tofauti ya saa moja ikawa saa mbili. Hapa Bodo hakuna aliyejua. Kule, simu yake ilijirekebisha yenyewe akiwa usingizini, kwa hiyo hakuona dalili yoyote.

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hili na watu wengi wenye watoto na ndugu ng'ambo: kwa nini saa za wenzetu zinahama na zetu hazihami? Na kwa kuwa miji yetu hii miwili imepewa jina moja na bahari mbili tofauti, nimeona nilieleze jambo hili kwa kuilinganisha. Ukiielewa Bodo na Bodø, utaielewa na London, Doha na Toronto.

Miji miwili, jina moja

Yetu wengi mnaijua. Unaacha barabara kuu ya Mombasa kwenda Lunga Lunga upande wa Ramisi, unashika barabara ya ndani kuelekea baharini, unapita minazi na mikorosho, mpaka barabara inakwishia mkokoni. Pale ndipo Bodo. Mbele yako ni ghuba ya Funzi, na kisiwa cha Funzi kiko ng'ambo kidogo tu. Anayekwenda Funzi, awe mwalimu, mchuuzi au mgeni wa hoteli, mara nyingi hupandia boti hapa. Jirani zetu ni Shirazi, ambako bado utasikia Kifundi cha wazee, lahaja ambayo mtu wa Mombasa huinamisha sikio mara mbili kabla ya kuifahamu. Ni kijiji cha wavuvi, mama karanga, na watu wa mashamba.

Bodø ya Norwe wenyewe huitamka karibu na "Buude". Ile herufi ya mwisho yenye mstari si pambo, ni irabu yao. Ni mji wa zaidi ya watu 50,000 na ndio makao makuu ya jimbo la Nordland. Ulipewa hadhi ya mji mwaka 1816, kwa nia ya kuwawezesha watu wa kaskazini kuuza samaki wao wenyewe badala ya biashara yote kushikwa na matajiri wa Bergen kule kusini. Tarehe 27 Mei 1940 ndege za Ujerumani ziliupiga mabomu na sehemu kubwa ya mji ikateketea, ndiyo maana leo ukiutazama hauna nyumba nyingi za kale. Reli ya kaskazini inaishia hapo. Una chuo kikuu, una bandari, na mwaka 2024 ulikuwa mmoja wa miji mikuu ya utamaduni wa Ulaya, wa kwanza kupewa heshima hiyo ukiwa ndani ya mzingo wa Aktiki.

Vijana wetu wanaujua kwa sababu nyingine: timu ya Bodø/Glimt, wale wenye jezi za manjano. Oktoba 2021 waliifunga Roma ya Italia mabao sita kwa moja, na mwaka 2025 wakafika nusu fainali ya Ligi ya Europa, klabu ya kwanza ya Norwe kufika huko katika mashindano ya Ulaya, kabla ya kutolewa na Tottenham.

Iko pia Bodo ya tatu, katika nchi ya Waogoni kule Nigeria, nayo ni ya wavuvi na mikoko. Mwaka 2008 mafuta yalivuja kutoka bomba la Shell yakaharibu mikoko hiyo na maji yake, na mwaka 2015 kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 55. Hiyo ina makala yake. Naitaja ili sisi wenye mikoko iliyo hai tujue tuna nini mkononi.

Turudi kwenye saa.

Saa hutoka wapi

Dunia inajizungusha mara moja kwa siku. Mzunguko mzima una digrii 360 na siku ina saa 24. Gawanya, utapata digrii 15 kwa kila saa, au dakika nne kwa kila digrii moja. Aliye mashariki yako hulipata jua kabla yako, aliye magharibi hulipata baada yako. Hiyo ndiyo hesabu yote.

Bodo yetu iko kwenye digrii 39 na kitu mashariki ya Greenwich. Bodø iko kwenye digrii 14 na kitu. Tofauti ni kama digrii 25. Zidisha kwa dakika nne, utapata dakika 100, yaani saa moja na dakika 40. Jua likiwa utosini kwetu, kule litafikia kilele chake takriban saa moja na dakika 40 baadaye.

Watu hushangaa hapa. Kutoka Bodo mpaka Bodø ni zaidi ya kilomita 8,000, inakuwaje tofauti ni ndogo hivyo? Ni kwa sababu safari hiyo karibu yote ni ya kupanda kaskazini. Kwenda kaskazini au kusini hakubadilishi saa. Anayekwenda mashariki au magharibi ndiye anayebadilisha saa. Anayekwenda kaskazini au kusini anabadilisha kitu kingine, urefu wa mchana, na hilo nitalifikia.

Sasa, hakuna nchi inayoweza kuishi na "saa moja na dakika 40". Nchi huchagua saa nzima iliyo karibu ili treni, benki na redio zielewane. Kenya inatumia saa tatu mbele ya Greenwich. Hatukuanza hivyo. Katika zama za ukoloni tuliwahi kutumia saa mbili na nusu, tena saa mbili na dakika 45, ndipo tukatulia kwenye saa tatu. Saa tatu kamili ni jua la digrii 45, na mstari huo unapita karibu na Mogadishu. Kwa maneno mengine, saa ya ukutani mwako inasoma jua la Mogadishu. Ndiyo maana saa inapogonga sita mchana hapa Kwale jua bado halijafika kati. Tazama ratiba ya msikiti wako: adhuhuri kwetu huingia kati ya saa sita na dakika chache na saa sita na nusu na kitu, kulingana na mwezi.

Na hapa pana jambo zuri ambalo wengi hawajalitazama. Makka iko kwenye digrii 39 na kitu vilevile, na Saudia nayo iko saa tatu mbele ya Greenwich. Sisi wa pwani ya kusini na Makka tuko karibu kwenye mstari mmoja. Jua linapopinduka Msambweni, limepinduka Makka, tofauti ni dakika moja au mbili.

Norwe imechagua saa moja mbele ya Greenwich. Tatu toa moja, mbili. Hiyo ndiyo tofauti yetu halisi ya majira ya baridi: wao wako nyuma yetu kwa saa mbili.

Saa inayohama

Basi saa moja inatoka wapi? Inatoka kwenye mazoea ya nchi za Ulaya ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi chao, ili watu waamke mapema zaidi na wabaki na mwanga jioni. Norwe haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini katika hili inakwenda nao sambamba.

Jumapili ya mwisho ya Machi, ikifika saa nane usiku kwao, saa inarushwa mpaka saa tisa. Kuanzia hapo tofauti yetu nao ni saa moja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ikifika saa tisa usiku, saa inarudishwa saa nane. Kuanzia hapo tofauti ni saa mbili. Yote mawili hutokea huku kwetu ikiwa ni saa kumi usiku, wakati wengi bado tumelala na wavuvi wengine wako njiani kushuka pwani.

Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 kutaka mchezo huu ukomeshwe, lakini nchi hazijaafikiana, na saa zinaendelea kuhama mara mbili kwa mwaka.

Mashabiki wa mpira mlilijua hili bila kufundishwa. Mechi za Ligi ya Mabingwa mwezi wa Septemba huanza saa nne usiku. Ikiingia Novemba, mechi hizo hizo zinaanza saa tano, na mwenye kibanda anaanza kulalamika kuhusu stima na usingizi. UEFA hawakubadilisha kitu. Wao kwao ni saa tatu usiku ile ile. Iliyohama ni saa yao dhidi ya yetu. Nusu fainali za Bodø/Glimt na Tottenham zilichezwa Mei, kwa hiyo tulizitazama saa nne. Kama mwenye kibanda angeulizwa siku ile ya maziko, kijana yule asingechelewa.

Kenya haihamishi saa kwa sababu haina faida nayo. Hapa kwetu jua huchomoza kati ya kama saa kumi na mbili kasoro dakika chache na saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima. Mchana mrefu kabisa, wa Desemba, unauzidi mchana mfupi kabisa, wa Juni, kwa kama nusu saa tu. Mtu anaweza kuishi miaka themanini Bodo asiitambue tofauti hiyo.

Saa ya Kiswahili na nchi isiyo na magharibi

Hesabu yetu ya saa ilizaliwa katika uthabiti huo. Mzungu huanza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri, saa ambazo bila chombo huwezi kuziona. Mswahili huanza pale jua linapochomoza na linapozama, jambo ambalo hata mtoto analiona. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga, na saa moja usiku ni saa ya kwanza ya giza. Na siku yenyewe kwa wazee wetu inaanza magharibi, ndiyo maana "usiku wa Ijumaa" wa mzee ni Alhamisi usiku ya kalenda ya ofisini. Ni hesabu ya akili sana, lakini ina sharti moja: jua liwe mwaminifu.

Bodø ipo juu ya digrii 67 kaskazini. Kuanzia mwanzo wa Juni hadi siku za mwanzo za Julai, jua halizami kabisa. Linashuka, linakaribia bahari, halafu linapanda tena. Watoto wanacheza mpira usiku wa manane kwenye jua. Kijana wetu alipiga simu nyumbani mwezi wa Juni, huku ikiwa saa saba usiku, kule saa sita, akamwonyesha mamake jua kwa kamera. Mamake alimwambia azime simu akalale, kwani aliamini mtoto amepotewa na akili.

Desemba mambo yanageuka. Jua linachungulia kwa muda mfupi tu mchana, na kwa takriban wiki mbili halionekani mjini hata kidogo kwa sababu milima iliyo kusini inalificha. Kunabaki mwanga wa buluu kama wa baada ya magharibi kwetu, kwa saa chache, kisha giza.

Mtu wa huko ukimwambia "saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga", atakuuliza mwanga upi. Mwezi wa Juni hauna mwanzo, mwezi wa Desemba unaanza karibu na adhuhuri. Saa yetu haiwezi kuzaliwa nchi ile.

Kwa Waislamu wanaoishi huko hili si jambo la mafumbo. Magharibi huingia jua likizama, na kama halizami? Wanazuoni wamelijadili sana, na msingi wao mmojawapo ni hadithi maarufu ya siku itakayokuwa ndefu kama mwaka, ambapo Maswahaba waliambiwa wakadirie nyakati. Kuna wanaofuata ratiba ya mji wa karibu wenye usiku na mchana wa kawaida, na kuna wanaofuata ratiba ya Makka. Mwaka 2015 na 2016 Ramadhani iliangukia Juni, na suala hili likawa la kila siku. Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo mwishoni mwa 2030 itaangukia Desemba, na hapo mashaka yatakuwa ya upande wa pili: mchana mfupi mno. Fatwa si kazi ya safu hii. Mwenye mtoto huko amwambie aulize msikiti wa mji alipo, asifuate adhana ya simu iliyowekwa kwa saa za Mombasa.

Saa ya maji

Nimesikia mara nyingi wageni, na siku hizi hata watoto wetu wa mjini, wakisema watu wa pwani ya kusini hawana haraka na hawajali saa. Unafika Bodo unataka kuvuka Funzi, unamuuliza nahodha tunaondoka saa ngapi, anakujibu: "Maji yakijaa." Mgeni anaandika katika daftari lake kwamba watu hawa ni wavivu.

Tazama Bodø. Boti zao za abiria huondoka kwa dakika iliyoandikwa. Tabia ya watu ina sehemu yake, lakini kina cha maji nacho kina sehemu kubwa. Bandari yao ni ya kina kirefu, na mkondo wa maji ya uvuguvugu unaotoka Atlantiki unaizuia isigande hata wakati wa baridi kali. Boti inaelea saa zote. Bodo yetu ni ya mkondo wa tope katikati ya mikoko. Bamvua likipwa, boti inakaa juu ya matope, na hata nahodha awe amefunga saa ya dhahabu hawezi kuondoka. Jibu la "maji yakijaa" ni ratiba kamili. Lina hesabu ndani yake: mwezi mchanga na mwezi mpevu maji hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne, na kila siku inayofuata yanachelewa kwa kama dakika hamsini. Mvuvi wa dema na mama anayetafuta pweza miambani wanaibeba hesabu hiyo kichwani bila karatasi.

Na wenzetu wa Bodø hawajaepukana nayo. Kiasi cha kilomita 30 kutoka mjini kuna mlango wa bahari unaoitwa Saltstraumen. Ni mwembamba, upana wake kama mita 150, na sehemu kubwa ya bahari inayojaa na kupwa katika ghuba ya ndani hupita hapo. Maji hukimbia mpaka takriban kilomita 40 kwa saa, yakijizungusha kwa vimbunga vya maji vinavyotisha. Unahesabiwa kuwa miongoni mwa mikondo yenye nguvu kabisa duniani. Kila baada ya kama saa sita mkondo unageuka, na katikati kuna kituo kifupi maji yakitulia. Nahodha anayetaka kupita kwa usalama anangoja kituo hicho. Hata awe Mnorwe mwenye kuheshimu dakika, hapo atakwambia lile lile la nahodha wa Bodo. Mwezi ni mmoja, na haujui Greenwich. Siku za bamvua letu ni siku za bamvua lao.

Ng'onda na samaki wa upepo

Kuna na mengine yanayofanana. Katika visiwa vya Lofoten, ng'ambo ya maji kutoka Bodø, wavuvi huvua chewa wa baridi kuanzia mwanzo wa mwaka, wakawafunga wawili wawili kwa mikia na kuwatundika juu ya miti mikubwa, bila chumvi. Upepo na baridi vinawakausha kwa miezi hadi wanakuwa wagumu kama kuni. Nzi hawapati nafasi kwa sababu ya baridi. Sisi tukifanya hivyo tutaamka na uvundo, kwa hiyo ng'onda wetu anapasuliwa, anatiwa chumvi, anaanikwa juani. Akili ni moja: samaki wa msimu adumu mpaka msimu usio na samaki. Samaki wao mkavu huuzwa mpaka Nigeria na anapendwa sana huko. Ng'onda wetu haendi mbali zaidi ya masoko ya pwani.

Hapo ndipo kulinganisha kunapouma kidogo. Wao mwaka 1816 walipewa mji ili wauze samaki wao bila dalali wa Bergen. Mvuvi wetu, zaidi ya miaka 200 baadaye, anapofika ufukweni na nguru bado bei anaikuta imekwisha pangwa na mwenye barafu. Meli ya utafiti ya Norwe, Dr Fridtjof Nansen, imekuja kupima samaki katika maji ya Kenya tangu miaka ya 1980, kwa hiyo elimu ya kilichomo baharini ipo. Kijana kutoka Bodo aliyekwenda kusoma Bodø huenda siku moja akatusaidia kujibu swali la nani anafaidi. Mimi nitakuwa namngoja pale gatini, maji yakijaa au yakipwa.

Shika haya

Mwenye ndugu Norwe, Ujerumani, Uswidi, Ufaransa au Italia ashike hivi. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi, toa saa moja. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, toa saa mbili. Wenye ndugu Uingereza waongeze moja zaidi: saa mbili wakati wa kiangazi, saa tatu wakati wa baridi. Walio Oman na Imarati wako mbele yetu kwa saa moja mwaka mzima, na walio Qatar na Saudia wako sawa nasi, kwani wote hao hawahamishi saa.

Ukimpigia mtoto baada ya sala ya alfajiri, saa kumi na moja, kwake ni saa kumi usiku kiangazi na saa tisa usiku wakati wa baridi. Asipopokea, hajakudharau.

Na jambo likiwa zito, harusi, maziko, kesi, usaili wa kazi, usitume saa tupu. Sema "saa kumi jioni kwa saa za Kenya". Barua ikija kwa Kiingereza imeandikwa 3, si saa tatu; ni saa tisa. Nimewaona vijana wawili wakikosa usaili kwa kosa hilo peke yake.

Arobaini ya yule bibi ilisomwa mwanzoni mwa Desemba. Safari hii mjomba alituma sauti ndefu zaidi, akataja saa za Kenya, akataja na za Norwe, akamtuma mpwa mwingine azihakikishe. Saa kumi, mkeka umetandikwa uani na jua bado kali juu ya minazi, simu ikasimamishwa juu ya sinia. Kijana alikuwa amekwisha ingia, amevaa ile kanzu. Kwake ilikuwa saa nane mchana, na nyuma yake dirishani taa za barabarani zilikuwa zinawaka.